Mwili mmoja, wanne ndani: Kaka ataka ndevu, mimi nimeposwa

Shikamoo Bi,

Ninayeandika ni mimi, lakini barua hii tumeisoma wote kabla ya kuituma, na humo ndani mna maneno ya Kaka ambayo sikuyagusa.

Nina miaka 28, ni fundi cherehani hapa Mombasa. Mwili wetu ni wa kike, na ndani yake tuko wanne. Mimi ndiye watu wanayemjua. Wenzangu wananiita Dada. Kaka ni mwanamume, mtu wa miaka thelathini hivi. Ndiye aliyekuwa akitulinda katika nyumba tuliyolelewa, na yaliyotokea humo naomba nisiyaandike. Bi Mkubwa ni mtu mzima, mkali, anataka stara na kila swala kwa wakati wake. Mdogo ana kama miaka sita. Yeye hajali kuitwa mvulana wala msichana, ilimradi taa isizimwe usiku.

Tulikuwa tunaishi. Mchana nashona madera na sare za harusi. Jioni, mlango ukishafungwa, Kaka hushika mwili akakaa kwenye mashati na suruali za wateja. Kola zinazosifiwa mtaani, zile zinazolala sawa bila kukunjamana, si kazi ya mkono wangu. Tunaachiana ujumbe katika daftari la vipimo, kurasa za nyuma.

Mambo yaliharibika nilipoposwa. Wiki chache baadaye nilizinduka niko kwa kinyozi, shuka ya plastiki shingoni, nywele zangu zote ziko sakafuni. Kinyozi ananiuliza, "Na huku pembeni nipunguze tena?" Sikumbuki nilivyofika pale. Mama alilia kama amefiwa. Katika daftari Kaka aliandika hivi: "Hii ndiyo sura yangu. Miaka yote nimevaa sura ya mwenzangu na sikulalamika."

Tangu hapo anafunga kifua kwa bandeji za mpira na kulala nazo, nami naamka mbavu zinauma. Amempata mtu kwenye WhatsApp anayeuza sindano za testosteroni na ameweka akiba ya kuzinunua. Anauliza pia kama jina linaweza kubadilishwa kwenye kitambulisho. Mimi, Bi, ni mwanamke, na napenda kuwa mwanamke. Naipenda sauti yangu. Nampenda mchumba wangu na mahari yameshazungumzwa.

Bi Mkubwa anasema Kaka anatuvua nguo hadharani. Mama anasema ni jini dume, ameshampata mganga wa kulipunga. Mshauri nasaha mmoja aliniambia hao si wa kweli, nisiwajibu mpaka wanyamaze. Nilijaribu. Kaka alipotea, Mdogo akawa analia mbele ya wateja. Rafiki yangu aliye transjenda naye akasema kinyume: "Wewe ni mwanamume tu, hao wengine ni woga wako." Nilijisikia kama nimefutwa.

Kuna usiku Kaka aliandika: "Bora mwili huu usiwepo kuliko kuishi ndani yake hivi." Na leo ameomba niongeze: "Sitaki kumwondoa Dada. Nataka nami nionekane."

Je, Kaka ni mwanamume kweli? Kama ndiyo, mwili ni wa nani? Nikiolewa nimemsaliti? Na mchumba nimwambie nini?

Dada, Mombasa

JIBU

Marahaba wanangu, nyote wanne.

Naanza na wewe Kaka, kwa sababu ya yale maneno ya usiku. Ukisema mwili huu bora usiwepo, unasema pia habari ya Mdogo aliyekutegemea tangu utoto, na najua huyo ndiye mtu wa mwisho ambaye ungetaka aumie. Mawazo hayo yakirudi, usiyabebe peke yako mpaka asubuhi. Piga 1199, simu ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Ni bure, na atakayepokea amefunzwa kusikiliza. Yakizidi, nendeni hospitali usiku huohuo, na asiwatishe mtu kwamba mtashtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha sheria kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Dada, ukiuona ujumbe kama ule tena daftarini, usigeuze ukurasa. Mjibu.

La pili haliwezi kungoja mengine: bandeji zile zitolewe leo. Bandeji ya mpira imetengenezwa kubana, na kila mtu anapopumua inazidi kukaza. Hapo ndipo maumivu ya mbavu yanapotoka. Kama maumivu hayaishi, au pumzi inakuwa fupi mkipanda ngazi, mwoneni daktari. Wanaofunga kifua kwa usalama hutumia fulana maalumu ya kubana au sidiria ya michezo ya saizi yao halisi, haizidi saa nane kwa siku, na hailaliwi. Kaka, wewe ni fundi. Unajua tofauti ya nguo iliyokatwa kwa mwili na kitambaa kilichozungushwa tu.

Sasa swali lenu la kwanza. Ndiyo, Kaka ni mwanamume. Nalisema bila kusitasita, na nasema vilevile kwamba Dada ni mwanamke, na la mmoja halilifuti la mwenzake. Hali yenu madaktari wanaijua. Zamani iliitwa ugonjwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani kilibadili jina hilo, kikasisitiza kwamba ni utambulisho wa mtu uliogawanyika, mara nyingi kwa sababu ya mateso makubwa ya utotoni, kabla nafsi haijapata nafasi ya kushikamana. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022, hali hiyo imo. Na mwongozo wa magonjwa ya akili wa chama hicho cha Wamarekani, wa 2013, unaeleza jambo ambalo Kaka analijua kuliko mimi: kwamba mtu mwenye hali hii anaweza kuuhisi mwili wake umebadilika, mara kama wa mtoto mdogo, mara kama wa jinsia nyingine, mara mkubwa wenye misuli. Kwa hiyo Kaka akiangalia kioo akaona uso usio wake, hasemi uongo, na Mdogo akishangaa urefu wa mikono yake, hachezi.

Mjue pia kuwa orodha hiyohiyo ya Shirika la Afya Duniani imeitoa hali ya mtu kutopatana na jinsia ya mwili wake katika sura ya maradhi ya akili na kuiweka kwenye sura ya afya ya kijinsia. Maana yake kwenu ni kwamba mnayo mambo mawili, na moja si dalili ya jingine. Yule mshauri nasaha aliona wingi wenu tu, akataka kuunyamazisha. Rafiki yako aliona jinsia tu. Namhurumia huyo rafiki, kwa sababu pengine yeye mwenyewe ameambiwa maisha yake yote kwamba anajidanganya, akadhani anakuokoa na hilohilo. Lakini kumwambia Dada kwamba yeye ni woga wa Kaka ni kumfanyia Dada kile ambacho dunia inamfanyia Kaka.

Kuhusu ushauri wa kutowajibu: miongozo ya kimataifa ya kutibu hali hii, toleo la 2011, inakataza jambo hilo waziwazi. Mtabibu hatakiwi kumpendelea mmoja, wala kumwambia mgonjwa awapuuze au awafukuze wengine. Kazi ya kwanza ni usalama na kufahamiana ndani. Habari za yaliyotokea utotoni huja baadaye sana, polepole, na hakuna anayelazimishwa kuyasimulia ili aaminiwe. Wako wanaofikia kuungana wakawa mmoja, na wako wengi ambao hawafiki huko au hawataki, wakaishi kwa makubaliano mema. Miongozo inalitambua hilo pia. Kwa hiyo mtu asiwaambie kuwa lazima muungane kwanza ndipo mjue nani ni mume na nani ni mke.

Mama yenu naye nataka nimtetee kidogo. Kwa mtu wa Pwani, sauti ya kiume kutoka kwa binti ina maelezo ya siku nyingi. Tumekua tukisikia ngoma za pepo, tukisikia mtu akiitwa kiti cha shetani aliyempanda. Kule Unguja katika kibuki, wanawake hupandwa na watu wakubwa wa kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakasema na kutembea kiume mpaka ngoma imalizike. Mama anatumia kitabu anachokijua, na anafanya hivyo kwa mapenzi. Hata ule mwongozo wa 2013 unasema kupandwa kunakokubalika katika mila au dini ya watu, kusikomletea mhusika mateso, hakuhesabiwi kuwa ugonjwa.

Ila Kaka hakuja na ngoma. Hana kabila la mashetani, haombi ubani wala kitambaa chekundu. Amekulia humo ndani pamoja nanyi, ana kumbukumbu zake na ana ufundi wake wa kola. Kumpunga ni kumwambia aliyesimama mlangoni utoto mzima kwamba sasa atoke kwa mafusho, na Mdogo atakuwa anasikia kila neno. Msiende kwa mganga huyo. Mwambieni Mama hivi: "Mama, huyu si mgeni aliyeingia, ni sehemu yangu iliyonilinda wakati hapakuwa na mtu." Si lazima aelewe siku hiyo. Kama Bi Mkubwa anapata utulivu kwa kusomewa Kurani, na wengine mkaridhia, kaeni msomewe kwa ajili ya amani ya moyo. Mkisikia kisomo kimegeuka kuwa cha kumtoa mtu, inukeni.

Tufike kwenye mwili. Mmeuliza ni wa nani, na jibu langu ni kwamba ni wenu wote kwa hisa sawa, pamoja na Mdogo asiyejua kusaini. Si wa Dada kwa kuwa jina lake liko kwenye kitambulisho, si wa Kaka kwa kuwa ndiye aliyeulinda, na si wa Bi Mkubwa kwa kuwa ana sauti kubwa. Miongozo niliyoitaja inasema mtu mzima huyu mmoja anawajibika kwa matendo ya kila aliye ndani. Ndiyo maana Kaka, ingawa uso ni wako, kukaa kwa kinyozi bila kumwambia mwenzako hakukuwa haki. Na Dada, kumwachia mwenzako jioni peke yake, mlango umefungwa, kwa miaka, nako hakukuwa haki. Nayasema yote mawili kwa uzito mmoja.

Njia ninayowashauri ni hii. Lile linaloweza kurudi lilivyokuwa, wapeaneni kwa ukarimu, tena haraka. Lile lisilorudi, lisifanyike mpaka wote wakubali wakiwa macho, siku tofauti, zaidi ya mara moja.

Yanayorudi ni mengi kuliko Kaka anavyodhani. Ajishonee shati lake, si la mteja, kwa vipimo vya mwili huu lakini kwa mkato wake: bega lisogezwe nje kidogo, kifua kisibanwe, urefu ufunike nyonga. Awe na kofia yake na manukato yake, na namba ya simu yenye jina lake kwa wale wachache wanaomjua. Awe na siku yake ya mchana, si jioni tu. Nywele zimeshakatwa, Dada ana mitandio na wigi, na Kaka ana kichwa chake anachokipenda, kwa hiyo zibaki fupi kwa sasa. Ninyi ndani semeni naye kama kaka, na mmoja wa nje, hata kama ni yule rafiki yako, amwite kaka kwa sauti. Sitaki kukuficha, Dada: kwa mtu aliyengoja namna hiyo, kuitwa mara moja kwa jina lake kunaweza kutuliza usiku mwingi wa yale maandishi.

Lisilorudi ni sindano. Testosteroni huanza kuizamisha sauti ndani ya miezi michache, na ukiacha dawa sauti hairudi. Ndevu zikishaota hubaki. Hedhi husimama na inaweza kurudi, lakini msidanganyike: dawa hiyo si kinga ya mimba, na mimba ikiingia ina hatari kwa mtoto. Huongeza chembe nyekundu mpaka damu ikawa nzito kupita kiasi, ndiyo maana anayeitumia kihalali hupimwa damu mara kwa mara. Muuzaji wa WhatsApp hawapimi damu. Hamjui kilichomo ndani ya kichupa wala kipimo chake. Kaka, pesa zako za mashati ni halali yako. Naomba usizitie mkononi mwake.

Sisemi kwamba homoni zimekatazwa kwenu milele. Kuwa wengi hakumnyimi mtu haki ya kutibiwa. Daktari mwangalifu atataka kujua jambo moja kubwa: je, uamuzi huu unaeleweka na kukubaliwa na wote, au amekuja mmoja kuamua wakati wengine wamelala? Siku mtakapoweza kujibu hilo kwa mdomo mmoja, mtakuwa mahali pengine kabisa. Na ikiwa Dada atasema hapana daima kuhusu sauti yake, hapana hiyo iheshimiwe, nanyi mtafute ni nini kingine kinachoweza kumfanya Kaka apumue. Itamuuma. Simwambii haitamuuma.

Suala la kitambulisho naliweka nyuma kwa makusudi. Kenya jina hubadilishwa kwa hati ya kubadili jina (deed poll) inayosajiliwa, na mwaka 2014 Audrey Mbugua aliishinda kesi dhidi ya baraza la mitihani, Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Njia ipo, ingawa ni ngumu. Lakini kitambulisho ni cha wanne. Kama mnataka kuanza mahali, tafuteni jina la pili linalofaa kwa mwanamume na mwanamke, nasi watu wa Pwani tunayo ya kutosha.

Bi Mkubwa, nawe nina neno kwako kwa heshima zote. Stara unayoitetea naielewa, na nadhani najua ilianzia wapi: mwili uliowahi kudhulumiwa, mtu mzima ndani yake akasema hautaonekana tena. Kazi hiyo umeifanya. Shati pana la kiume nalo lina stara. Ukimkemea Kaka kwa aibu, anakwenda kujificha, na akijificha ndipo anaponunua vichupa.

Nimebakisha ndoa. Dada, kuolewa kwako si usaliti, ila kuolewa kwa siri ni hatari kwenu wote, na kwa huyo kijana pia. Ombeni muda kwenye mahari. Sababu ya afya inatosha kuwaambia wazee, na ni kweli. Kisha mweleze mchumba wewe mwenyewe, mchana, mahali unapoweza kuondoka ukitaka. Anza na lililo rahisi: kwamba utoto wako ulikuumiza, kwamba kuna nyakati huzikumbuki, kwamba unatafuta matibabu. Mtazame anavyolipokea. Akiuliza kwa upole, siku nyingine mweleze kuhusu Kaka. Akicheka, au akikimbilia kumwambia Mama, umejua mapema.

Na kabla hajaoa lazima aelewe jambo hili: ridhaa yako si ridhaa ya Kaka. Siku Kaka akiwa ndiye aliyeko mbele, mume anakaa na shemeji yake, si na mkewe, na atalazimika kujifunza kutambua na kutulia. Wako wanaume wanaoweza. Asiyeweza si mtu mbaya kwa hilo tu, lakini si wa kuoa nyumba yenu. Kaka naye aulizwe kabla mambo ya mahari hayajaendelea, kwa maandishi, daftarini, na apewe siku za kutosha kujibu. Nadhani hakuna aliyemuuliza, na nadhani kinyozi alikuwa jibu la swali hilo.

Kwa matibabu, hapo Mombasa anzieni kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz. Ulizeni kama yupo mtaalamu aliyefunzwa kutibu majeraha ya utotoni. Maneno "disosiesheni", yaani nafsi kugawanyika, na "mateso ya utotoni" yatawafupishia maelezo. Mkikutana na mtabibu mpya, mwulizeni maswali mawili kabla hamjafungua moyo: atazungumza na kila mmoja wenu? Na ataandika nini kwenye faili, na nani ataisoma? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, mna haki ya kuuliza. Akisema ataongea na Dada tu, shukuruni, mwondoke, mtafute mwingine.

Daftari la vipimo liendelee, lakini nunueni jipya la kwenu peke yenu, msichanganye na viuno vya wateja. Kila mmoja aandike tarehe, aliyofanya, pesa alizotumia, na jambo moja analoomba kwa wengine. Mdogo achore kama hawezi kuandika. Na taa yake muiache inawaka.